Diski ya Baba na Zile Giga 349

Najua nimepotea kwa muda, kazi zilinibana kweli kweli. Leo naweka kando habari za kuandika programu, nataka niwasimulie kisa cha diski moja ngumu ambayo nusura inikoseshe usingizi wa mwaka mzima. Kisa chenyewe ni cha mwaka 2024, na nimesita sana kukiandika kwa sababu kinaniaibisha kidogo. Lakini nimeona ni heri niaibike mimi mmoja kuliko watu kumi wapoteze picha zao. Basi vuta kiti.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha za video. Harusi, mahafali, mazishi, ruracio, yeye alikuwa huko na kamera begani. Mwaka 2012 alinunua diski ya nje ya terabaiti 3, ile aina kubwa ya kukaa mezani ambayo ina waya wake wa stima. Siku hizo hiyo ilikuwa mali! Akaanza kuhamisha kanda zake zote za zamani kuingia humo, moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku, kwenye kompyuta yake iliyokuwa ikiendesha Windows XP. Shikilia hapo kwenye XP, tutarudi.

Baba aliaga dunia mwaka 2019, nikiwa nakaribia kumaliza shahada yangu ya sayansi ya kompyuta. Diski ikabaki nyumbani Nakuru, juu ya kabati ya sebuleni, imefunikwa kitambaa. Miaka mitano ikapita. Na hapa ndipo penye aibu yangu: mimi ambaye kazini nahakikisha data za wateja zinanakiliwa kila usiku mahali pawili tofauti, sikuwahi hata siku moja kunakili diski ya baba. Kila nikienda nyumbani nasema, nitaifanya Krismasi. Krismasi ikifika nasema Pasaka. Nyinyi wenyewe mnajua.

Basi tulikuwa tunajiandaa kwa kumbukumbu ya miaka mitano. Mama alitaka jambo moja tu, watu wasikie sauti ya baba. Mdogo wangu akaishusha diski, akaichomeka, na mtoto wa jirani akapita mbio akajikwaa kwenye waya. Diski haikuanguka, lakini ile tundu ya USB ilivunjika ikang'oka kutoka kwenye ubao wake mdogo wa ndani. Ikapelekwa kwa fundi mmoja mjini, akajaribu kuichomelea, ikakataa, akairudisha akisema, "Hii imekufa, nunueni nyingine." Kana kwamba baba anauzwa dukani!

Nikapigiwa simu. Nikacheka, nikamwambia mama, "Usijali mama, hiyo ni kazi ya dakika tano." Jamani, msiwahi kumwambia mama yenu kitu kama hicho kabla hamjaiona diski.

Dakika tano zinaanza

Hoja yangu ilikuwa rahisi, na kwa kweli haikuwa mbaya. Diski ya nje si kitu cha ajabu. Ni diski ya kawaida ya kompyuta ya mezani iliyofungiwa ndani ya kasha la plastiki, pamoja na ubao mdogo unaotafsiri kati ya lugha ya diski, SATA, na lugha ya USB. Kilichovunjika ni tundu ya ule ubao, diski yenyewe haijaguswa. Kwa hivyo ukifungua kasha, ukaitoa diski, ukaichomeka moja kwa moja kwenye madabodi ya kompyuta kwa kebo ya SATA, inafaa isome.

Ijumaa jioni nikafika Nakuru, nikafungua kasha kwa kadi ya zamani ya simu, nikaichomeka kwenye kompyuta ya nyumbani, nikawasha. Diski ikazunguka vizuri, bila mlio wa kugonga gonga. BIOS ikaitambua, terabaiti 3 kamili. Nikamkonyezea mama jicho.

Windows ikafunguka. Papo hapo ikatoa ujumbe kwamba lazima diski ifomatiwe kabla ya kutumika. Nikaufunga ule ujumbe, nikaenda kwenye sehemu ya kusimamia diski, nikakuta maajabu haya:

- Patisheni moja ya GB 349.31, aina yake RAW, yaani Windows haijui kuna nini ndani
- Nafasi tupu ya GB 1698.69
- Nafasi tupu nyingine ya GB 746.52

Nikakaa kimya. Baba alikuwa amejaza diski hiyo karibu yote. Sasa kompyuta inaniambia kuna patisheni moja ndogo isiyosomeka, na iliyobaki ni tupu kama shamba lisilolimwa. Mdogo wangu akasema, "Kaka, bofya tu fomati, halafu turudishe mafaili na ile programu ya kurudisha." Mama akauliza polepole kutoka jikoni, "Mwanangu, umeiharibu?"

Sikumjibu. Sikuwa na jibu.

Kitu ambacho sikufanya

Nitakuwa mkweli. Sikubofya fomati, lakini si kwa sababu ya busara. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga kufuta ile patisheni, nitengeneze jedwali jipya, halafu nitafute mafaili. Kilichonizuia ni kwamba sikuwa na diski nyingine ya ukubwa ule wa kuhifadhia chochote nitakachookoa. Ufukara uliniokoa, he he.

Usiku ule nilikaa nikazitazama zile nambari tatu. Nikatoa karatasi.

349.31 na 1698.69 ukizijumlisha unapata 2048.00 barabara. Ukiongeza 746.52 unapata 2794.52. Sasa hiyo 2794.52 ndiyo terabaiti 3. Wengi hudhani wameibiwa wanapoona hivi, lakini hapana. Mtengenezaji wa diski huhesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja. Windows huhesabu kwa 1024 mara 1024 mara 1024, yaani baiti 1,073,741,824, lakini bado huandika GB. Tangu mwaka 1998 kuna jina rasmi la kipimo hicho cha pili, gibibaiti, ila Windows haijawahi kulitumia. Diski hii ina baiti 3,000,592,982,016. Gawanya mwenyewe uone, utapata 2794.52. Hakuna kilichoibwa.

Kwa hivyo diski nzima inaonekana. Mbona imekatwa pale kwenye 2048? Hilo nililijua kutoka darasani. Jedwali la patisheni la aina ya MBR, lililoanza na DOS 2.0 mwaka 1983, huandika ukubwa kwa nambari ya biti 32. Nambari kubwa kabisa inayoingia humo ni kama 4,294,967,296, na hazihesabiwi baiti bali sekta. Sekta ya kawaida ni baiti 512. Zidisha, unapata GB 2048. Zaidi ya hapo MBR haioni kitu.

Basi hapo ndipo nilipojiuliza swali lililonifungua macho. Baba aliwezaje kutumia terabaiti 3 zote kwenye Windows XP? XP ya kawaida ya biti 32 haisomi jedwali jipya la GPT, inajua MBR tu. Na MBR inaishia GB 2048. Lakini nakumbuka kwa macho yangu, diski ile ilionyesha karibu GB 2800 kwenye kompyuta ya baba. Haiwezekani. Labda...

Nikachukua 349.31 nikaizidisha mara mbili. Mara nne. Mara nane. 349.31 mara 8 ni 2794.48.

Nilisimama kwenye kiti! Patisheni haikuwa imepungua hovyo. Ilikuwa imegawanywa kwa nane kamili, ukiacha desimali zilizokatwa. Na nane ndiyo 4096 ukigawanya kwa 512.

Ule ubao mdogo ulikuwa unadanganya

Haya ndiyo yaliyokuwa yakitendeka. Watengenezaji wa diski za nje za wakati ule walikuwa na wateja wengi kama baba, watu wa XP. Wangewauzia vipi terabaiti 3? Wakatumia ujanja. Ule ubao mdogo ndani ya kasha uliiambia kompyuta kwamba sekta moja si baiti 512 bali ni 4096. Sasa ile nambari ya biti 32 inatosha hadi terabaiti 16, na XP inafurahi. Ujanja mzuri kabisa, mradi diski isitoke ndani ya kasha.

Mimi nikaitoa ndani ya kasha. Madabodi ikaiuliza diski yenyewe, nayo ikajibu ukweli wake: sekta yangu ni 512. Jedwali lililoandikwa kwa kipimo kimoja likasomwa kwa kipimo kingine. Patisheni ikaonekana ndogo mara nane, na mwanzo wake pia ukasomwa mahali pasipo. Iliandikwa kwamba inaanza kwenye sekta ya 256. Kwa kipimo cha 4096, hapo ni megabaiti 1 kutoka mwanzo wa diski. Kwa 512, ni kilobaiti 128 tu. Windows ilienda ikabisha hodi kwenye mlango usio na nyumba, ikarudi ikasema RAW.

Asubuhi nilijaribu kumweleza mdogo wangu, akachoka haraka. Mama alikuwa anasikiliza huku akipepeta maharagwe. Mama anauza nafaka sokoni miaka mingi. Akasema, "Yaani kitabu cha stoo kiliandikwa kwa debe, nawe ukakisoma kwa gorogoro."

Sijawahi kusikia maelezo bora, hata kwa mhadhiri wangu. Kwetu debe moja ni gorogoro nane. Mtu akiandika debe mia moja, nawe ukasoma gorogoro mia moja, utadhani stoo imeibwa. Mahindi yako pale pale. Mama akaongeza, "Basi usiguse mahindi. Rekebisha kusoma."

Kuokoa, hatua kwa hatua

Jumamosi nilikwenda mjini nikanunua diski ya terabaiti 4, zaidi ya shilingi elfu kumi na tatu zikaenda. Nikawasha kompyuta kwa Ubuntu kutoka kwenye flashi, kwa sababu Linux hainisumbui na maombi ya kufomati, na inaniruhusu kusoma bila kuandika chochote. Nikaifomati ile mpya kwa ext4. Naandika hatua hizi hapa kwa yeyote atakayekwama kama mimi. Kwangu diski ya baba ilikuwa sdb. Hakikisha yako kwanza kwa amri ya lsblk, maana ukikosea herufi moja utalia.

Kwanza, afya ya diski:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Tazama mistari ya sekta zilizohamishwa na sekta zinazosubiri. Kwangu zote zilikuwa sifuri. Kumbe diski haikuwa imekufa hata kidogo, fundi alimzika mtu mzima.

Pili, nakala ya diski nzima, baiti kwa baiti, kabla ya kujaribu chochote:

sudo ddrescue -d /dev/sdb /media/kubwa/baba.img /media/kubwa/baba.map

Nilianza saa tatu usiku. Saa nane usiku, stima ikapotea mtaa mzima. Nilikuwa macho, nikaisikia feni ya kompyuta ikizima, na moyo wangu nao. Lakini ile faili ya mwisho, baba.map, ndiyo ramani ya mahali nakala ilipofika, na ilikuwa kwenye diski mpya, si kwenye flashi. Stima iliporudi saa kumi na moja alfajiri nilirudia amri ile ile, ikaendelea kutoka pale pale ilipoachia. Saa mbili asubuhi ikamaliza. Makosa: sifuri.

Tatu, kusoma ile nakala kwa kipimo kilichoandikiwa:

sudo losetup -r -f -P -b 4096 --show /media/kubwa/baba.img

Hapo -r ni kusoma tu, -P ni kutafuta patisheni, na -b 4096 ndiyo dawa yenyewe, yaani soma kwa debe, si kwa gorogoro. Amri inakujibu kwa jina, kwangu lilikuwa /dev/loop15. Lako litatofautiana.

Nne:

sudo mount -o ro /dev/loop15p1 /mnt

Mshale ukashuka mstari mmoja bila kusema neno. Kwenye Linux kimya ni habari njema. Nikafungua folda. Harusi 2003. Harusi 2004. Mahafali. Mazishi ya Babu. Familia. Zote, zimepangwa kwa mwaka na mwezi, kwa ule utaratibu wa baba ambao tulikuwa tukimcheka.

Nikafungua moja kwenye folda ya Familia, bila kuchagua. Ni sisi uani, mimi nina miaka kama saba, nimevaa sweta ya shule, nalia kwa sababu ambayo siikumbuki. Baba haonekani, yeye ndiye ameshika kamera. Anasikika tu akisema, "Sogea kushoto kidogo mzee, jua linakupiga usoni. Haya, sasa lia vizuri."

Mama alikuja akasimama nyuma yangu na ungo mkononi. Hakusema kitu. Video ilipoisha akaniambia, "Irudishe nyuma kidogo." Nikairudisha. Tuliirudisha mara nyingi.

Yaliyobaki kichwani

Nisiwachoshe. Ukiona diski inaonyesha ukubwa usioeleweka, usiwe na haraka. Zingatia haya:

1. Usifomati, usianzishe upya, usiandike jedwali jipya. Ujumbe wa kompyuta unaosema "lazima" maana yake ni kwamba yenyewe haijaelewa. Haina uhakika kwamba hakuna kitu.

2. Andika nambari zote unazoziona kwenye karatasi, uzijumlishe, uzigawanye. Pungufu ya karibu asilimia 7 kwenye giga, na 9 kwenye tera, ni tofauti ya kuhesabu kwa 1000 na 1024 tu. Ukiona mkato kwenye 2048, hiyo ni MBR. Ukiona diski ya terabaiti 3 inaonyesha GB 746 peke yake, huenda draiva ya zamani inahesabu hadi 2048 halafu inaanza tena sifuri. Ukiona moja ya nane, fikiria sekta. Nambari zisizo na mpangilio wowote ndizo za kutia hofu.

3. Kama diski ya nje bado inafanya kazi, usiitoe ndani ya kasha lake kwa udadisi. Na ukilazimika kuitoa, usilitupe kasha wala ubao wake. Kuna aina ambazo ubao ule husimba data zote kwa siri, hata kama hukuweka nenosiri. Hizo ukizitoa utaona takataka tupu, na ujanja wangu wa losetup hautakusaidia. Itabidi upate ubao wa aina ile ile. Mimi nilikuwa na bahati kwamba ya baba haikuwa hivyo, na sikujua hilo nilipoifungua. Nalikiri.

4. Diski ikianza kugonga au kukwaruza ndani, izime. Hapo si mambo ya jedwali tena, ni mambo ya vyuma, na kila dakika inayozunguka inakula data.

5. Nakili. Leo. Si Krismasi.

Siku ya kumbukumbu tulifunga skrini uani, watu wakasikia sauti ya baba. Shangazi aliona harusi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini, maana kanda aliyopewa iliharibika zamani. Sasa data ya baba iko mahali patatu, na moja kati yao ni kwa huyo shangazi, mji mwingine kabisa.

Diski yenyewe nimeirudisha juu ya kabati, ndani ya kasha lake lililovunjika tundu. Mama alikataa nisiende nayo Nairobi. Kitambaa chake kikafuliwa, kikarudishwa. Ila kuna kitu kimoja kimeongezeka. Mama ameandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ndogo na kuibandika juu yake: DEBE.

Hayo ndiyo yangu kwa leo. Tukijaliwa, tutaonana tena. Kwaherini.